Nani aliyegharimia safari ya Stanley hadi Ujiji?

Swali la msomaji: Nilipotembelea jumba la kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, tulielezwa kwamba Stanley alitumwa na mwenye gazeti wa Marekani, lakini jina lake halikutajwa. Naomba kumfahamu. Alikuwa nani, fedha zote hizo alizipata wapi, na gazeti la New York lilikuwa na haja gani na mzee mmoja aliyepotea kando ya Ziwa Tanganyika? Je, alikuwa mwanahabari kweli, au tajiri tu aliyerithi? (Msomaji wa Kigoma)

Ndugu msomaji, mtu unayemtafuta ni James Gordon Bennett. Baba yake alikuwa na jina hilohilo na gazeti hilohilo, kwa hiyo watu humtaja kama Bennett Mdogo ili wasichanganye. Gazeti lao ni New York Herald. Fedha zilichumwa na baba, lakini uamuzi wa kuzitumia namna ile ulikuwa wa mtoto. Kuhusu swali lako la mwisho, jibu langu ni kwamba alikuwa mwanahabari, na katika jambo moja hakuwa na mpinzani katika kizazi chake: alijua ni habari gani watu wataigombania kabla wao wenyewe hawajajua kuwa wanaitaka. Katika namna alivyowatendea watu aliowatuma, na katika yale yaliyozipata nchi ambazo safari zake zilizipitia, sina sifa za kumpa.

Baba alizaliwa Scotland mwaka 1795, akahamia Amerika akiwa kijana, akahangaika miaka mingi katika magazeti ya watu wengine. Mei 1835, akiwa anakaribia miaka 40, alianzisha Herald katika chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Wall, New York, kwa mtaji wa dola 500. Meza yake ilikuwa ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili ya unga. Magazeti yaliyoheshimika wakati huo yaliuzwa senti 6 na kusomwa na wafanyabiashara na wanasiasa. Herald liliuzwa senti moja. Mzee huyo aliandika habari za soko la fedha kwa lugha ambayo karani wa kawaida aliielewa, akawadai wenye matangazo walipe kwanza ndipo tangazo litoke, na mwaka 1836 msichana aitwaye Helen Jewett alipouawa katika danguro, alikwenda mwenyewe hadi chumba cha mauaji, akawaeleza wasomaji alichokiona. Hakuna mhariri wa heshima aliyekuwa amethubutu kufanya hivyo. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Herald lilikuwa miongoni mwa magazeti yaliyouzwa sana kuliko yote nchini humo.

Kuna jambo jingine kuhusu mzee huyu ambalo ni lazima ulijue, kwa sababu litatusaidia mbele. Aliwaunga mkono wamiliki wa watumwa wa majimbo ya Kusini na kuwashambulia waliodai watumwa waachwe huru. Utajiri uliolipia msafara wa Ujiji ulitoka katika gazeti lililokuwa na msimamo huo.

Matusi ya gazeti lake yalimletea maadui wengi mno, hata akapigwa bakora barabarani mchana kweupe. Mkewe alichoka kuishi katika mji ambako mumewe alichukiwa hivyo, akawachukua watoto akaenda kuwalea Ufaransa. Ndiko mtoto wa kiume, aliyezaliwa Mei 1841, alikokulia: akiongea Kifaransa, akipenda jahazi na farasi, akiwa na pesa bila mtu wa kumwambia hapana. Desemba 1866 alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki kwa jahazi za matanga katikati ya baridi kali, kwa dau la dola 90,000. Mabaharia 6 wa jahazi mojawapo iliyoshindana naye walisombwa na bahari. Wakati huohuo baba alikuwa anamkabidhi gazeti.

Watu wengi walitarajia kijana huyo aliangushe. Hakuliangusha, na sababu inahitaji ufahamu kidogo wa jinsi biashara ya magazeti ilivyokuwa inabadilika. Mwaka 1866 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki ulianza kufanya kazi sawasawa. Habari za London zikawa zinafika New York kwa saa, badala ya siku kumi na zaidi za meli. Lakini simu zile zilikuwa ghali, hivyo magazeti yakashirikiana kununua habari kupitia shirika moja, na asubuhi yote yakawa na maneno yaleyale. Kama kila gazeti lina habari ileile, msomaji ananunua lolote. Bennett Mdogo alilielewa hilo mapema kuliko wenzake. Alichokitafuta ni habari ambayo haiwezi kupatikana popote ila kwake, na njia ya uhakika ya kuipata ni kulilipia tukio lenyewe litokee. Hakungoja jambo litokee ndipo atume mwandishi. Alimtuma mwandishi ili jambo litokee.

Stanley alikuwa ameshamthibitishia kwamba anaweza kazi ya namna hiyo. Mwaka 1868, Waingereza walipokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Ethiopia, Stanley aliiandikia Herald. Akiwa njiani kwenda huko alimhonga karani wa simu pale Suez ili taarifa zake zitangulie. Ngome ya Magdala ilipoanguka, taarifa yake ilitangulia kweli, kisha waya ukakatika, na Herald likaitangaza habari hiyo kabla ya serikali ya London kupata ripoti ya jenerali wake.

Oktoba 1869 Bennett alimwita Stanley Paris. Wote wawili walikuwa na miaka 28, maana walizaliwa mwaka mmoja: mmoja katika nyumba ya kifahari, mwingine Wales, mtoto asiyetambuliwa na baba, akalelewa katika nyumba ya maskini. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Bennett alimpokea kitandani, akamwambia achukue pauni 1,000, zikiisha achukue nyingine 1,000, na nyingine tena, lakini amtafute Livingstone. Mazungumzo hayo tunayajua kwa kalamu ya Stanley peke yake, naye alikuwa hodari wa kupamba. Agizo lenyewe halina shaka, wala hundi hazina shaka.

Sasa, kwa nini Livingstone? Mmishonari huyu Mskoti alikuwa ameingia bara mwaka 1866, na kabla mwaka haujaisha baadhi ya wapagazi wake kutoka Komoro walirudi Unguja wakisema ameuawa. Ilikuwa uongo wa watu waliotoroka msafara, lakini habari ilienea Ulaya na Amerika nzima. Ikafuata barua, kisha kimya, kisha uvumi mwingine. Uvumi ukimhusu yeye uliuza magazeti, kwa sababu katika kila nyumba ya Kiprotestanti iliyosoma Kiingereza kitabu chake kilijulikana. Bennett alitazama akaona kwamba yeyote atakayemaliza uvumi ule, kwa kumkuta mzee hai au kuleta mifupa yake, atakuwa na habari ambayo London na New York zitailipia. Hakuwa na udugu na Livingstone, wala sijaona ushahidi wowote kwamba Afrika ilimshughulisha kabla ya hapo.

Hata hakumpeleka Stanley moja kwa moja. Alimwagiza kwanza aandike juu ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, apite Yerusalemu, Istanbul, Uajemi na Bombay, ndipo ashuke Unguja. Stanley alifika Unguja Januari 1871, na barua ya fedha aliyoitegemea hakuikuta. Ni konsuli wa Marekani, Francis Webb, aliyemdhamini kwa wafanyabiashara wa mji. Kwa dhamana hiyo zikanunuliwa marobota ya merikani, ushanga na waya, wakaajiriwa watu wapatao 190, na misafara mitano ikaondoka Bagamoyo moja baada ya nyingine kati ya Februari na Machi 1871. Kiongozi wa askari wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni hadi India, akarudi, akawaongoza wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke mpaka maziwa makuu. Kwa uzoefu wa njia, hakuna mtu katika msafara ule aliyemkaribia.

Walipofika Tabora, barabara ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyekuwa akipigana na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru na njia. Stanley alijiingiza katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa vibaya. Basi akazunguka kusini, akafika kwenu Ujiji mwezi Novemba 1871 kwa hesabu yake mwenyewe. Jinsi alivyomkuta Livingstone siku hiyo umeelezwa pale makumbusho, sina haja ya kuirudia.

Nataka kukaa zaidi juu ya kilichotoka Ujiji, kwa sababu ndicho kinachosahauliwa. Julai 15, 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Kongo ya leo, alipoona watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakifyatulia risasi soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni wakikimbia. Aliyaandika hayo, na Stanley akazibeba barua zake hadi pwani. Mojawapo ilikuwa ya kumshukuru Bennett mwenyewe, na ndani yake Livingstone alisema kwamba kama maelezo yake juu ya utumwa wa upande wa Ujiji yatasaidia kukomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki, atalihesabu hilo kuwa jambo kubwa kuliko kuvumbua chemchemi zote za mto Nile. Herald liliichapisha Julai 1872. Gazeti lililojengwa na mzee aliyewatetea wamiliki wa watumwa likawa ndilo lililopeleka sauti hiyo duniani. Wabunge wa Uingereza walikuwa tayari wanalichunguza suala la Unguja, kwa hiyo siwezi kusema gazeti ndilo lililofunga soko la watumwa. Lakini barua zile ziliongeza shinikizo kubwa, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kulifunga. Nikiulizwa Bennett alifanya jema gani kubwa katika maisha yake yote ya kazi, nitataja ukurasa ule.

Lakini angalia walioachwa nje ya ukurasa huo. Shujaa wa habari ya Herald alikuwa Stanley, na nyuma yake gazeti lenyewe. Wapagazi walionekana kama idadi, kama mizigo, kama watoro wanaochapwa viboko. Stanley aliandika juu ya viboko hivyo bila kuona haya, na mhariri hakuona sababu ya kuyafuta wala ya kuuliza. Wanaume na wanawake waliotembea miezi minane na mzigo kichwani ndio walioileta habari ile. Gazeti liliwalipa kwa dhamana ya konsuli, likachukua sifa yote.

Na mafanikio yale yalizaa safari ya pili, ambayo kwangu ndiyo iliyoacha jeraha. Herald likishirikiana na Daily Telegraph la London lilimpeleka tena Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, akalizunguka Ziwa Victoria, akaufuata Lualaba kwa msaada wa Tippu Tip kwa sehemu ya njia, akatokea Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877. Wazungu watatu aliokwenda nao walikufa wote, na katika watu wa pwani waliomfuata wengi hawakuonekana tena. Katika kisiwa cha Bumbire, ndani ya Ziwa Victoria, mwaka 1875 alirudi kulipiza kisasi na kuwapiga risasi wenyeji akiwa salama ndani ya mitumbwi. Tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe na magazeti yakayachapisha. Watu wa haki za binadamu Uingereza walilalamika sana, lakini safari haikusimamishwa. Stanley alipotua Marseille Januari 1878, wajumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikuwa wanamngoja. Ukatili uliofuata Kongo chini ya Leopold kila Mkongomani anaujua. Bennett hakuupanga, na sitaki kumbebesha dhambi za Leopold. Ila ramani ya mto ule ililipiwa na magazeti mawili yaliyotaka kuuza nakala.

Siku chache kabla msafara huo haujatoka Bagamoyo, Herald lilifanya jambo la aibu kule New York. Novemba 9, 1874 lilijaza ukurasa kwa habari kwamba wanyama wa bustani ya Central Park wametoroka na kuua makumi ya watu, majina ya waliokufa yakiwemo. Aya ya mwisho ilikiri kwamba yote ni ya kubuni, eti ili kuonya juu ya ubovu wa vizimba. Wengi hawakufika aya ya mwisho. Wapo waliojifungia ndani na wapo waliotoka na bunduki. Wazo lilikuwa la mhariri wake Thomas Connery, lakini gazeti lenye mmiliki mkali kama Bennett lisingefanya hivyo kama lisingezoea kuamini kwamba tukio ni kitu cha kutengenezwa. Mimi naona uzi mmoja unaounganisha ukurasa ule na safari za Afrika.

Safari iliyomwumbua Bennett zaidi ni ya mwaka 1879. Alinunua meli, akaipa jina la dada yake, Jeannette, akaituma Ncha ya Kaskazini chini ya ofisa wa jeshi la majini, George De Long, ikiwa na watu 33. Barafu iliishika karibu miaka miwili, ikaivunja Juni 1881. Watu 20 walikufa, De Long mwenyewe akifa kwa njaa na baridi katika nyika ya Siberia. Bennett alituma mwandishi, naye akafika hadi kaburini na kulifungua akitafuta karatasi za marehemu. Mjane wa De Long aliumizwa sana na jambo hilo. Ninapofundisha vijana juu ya maadili ya kazi hii, huwa sihitaji mfano mwingine.

Kufikia wakati huo yeye mwenyewe hakuwa tena New York. Siku ya mwaka mpya 1877 alifika amelewa nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, akakojoa mbele ya wageni. Kaka wa mchumba akampiga mijeledi barabarani, wakaishia kupigana kwa bastola bila mtu kuumia. Uchumba ukafa, na Bennett akahamia Paris, akaliendesha gazeti la New York kwa simu za maandishi kwa miaka 40. Aliwaajiri na kuwafukuza watu ambao hajawahi kuwaona, na aliweka wapelelezi ndani ya chumba cha habari. Waandishi wazuri waliondoka, kwa kuwa hakupenda jina la mwandishi yeyote lizidi la kwake.

Miaka hiyo ya kukaa mbali haikuwa ya bure kabisa. Akishirikiana na John Mackay, tajiri wa migodi ya fedha, walilaza nyaya zao wenyewe chini ya Atlantiki mwaka 1884, na bei ya simu ikashuka kwa magazeti yote. Oktoba 1887 alianzisha toleo la Paris, lililomla pesa miaka nenda rudi lakini likaishi muda mrefu kuliko yeye, likaja kuwa International Herald Tribune lililosomwa na wasafiri ulimwengu mzima. Mwaka 1914, Wajerumani walipoukaribia mji na serikali ya Ufaransa ikahamia Bordeaux, Bennett, mzee wa miaka 73, alibaki Paris na gazeti likaendelea kutoka. Hapo namheshimu bila masharti.

Lakini New York ilikuwa imeshamponyoka. Joseph Pulitzer alinunua gazeti la World mwaka 1883, akaliuza senti 2, akawaandikia wahamiaji na vibarua habari za maisha yao. Bennett akajibu akiwa mbali: akapunguza bei ya Herald na wakati huohuo akapunguza faida ya wauza magazeti wa mitaani. Wauzaji wakakasirika, wakalisukuma World mbele. Mhariri anayeishi mjini mwake asingefanya kosa hilo. Hasara ikafuata hasara, huku yeye akitumia mamilioni ya dola kwa meli za starehe na mashindano ya magari na maputo yaliyobeba jina lake.

Alifariki Mei 14, 1918 huko Beaulieu, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1920 Herald likauzwa kwa mfanyabiashara wa magazeti Frank Munsey, na mwaka 1924 likaunganishwa na Tribune, mpinzani wake wa tangu enzi za baba. Wosia wake ulielekeza mali itumike kuwatunza waandishi wa habari wa New York waliozeeka au kuishiwa nguvu bila akiba, kwa kumbukumbu ya baba yake.